Hiyo nyumba iko na kitu: kwa nini hadithi za mapepo humtafuta mama

Rafiki yangu mmoja hapa Section 58, Nakuru, aliniomba kitabu cha kusoma wakati stima zimepotea, nikampea riwaya moja ya kutisha, zile za nyumba iko na kitu. Unazijua. Bwana na bibi wamehamia nyumba kubwa ya zamani, bei ilikuwa nzuri ajabu, bibi yuko na mtoto mchanga, bwana anatoka asubuhi anarudi giza, halafu usiku kuna kitu kinakwaruza ukutani na ni mama peke yake anakisikia. Alinirudishia baada ya siku nne akiwa amenuna. "Mama Atieno, niambie ukweli. Kulikuwa na pepo ama huyo dada alikuwa amerukwa na akili? Juu mimi nimemaliza mpaka ukurasa wa mwisho na sijajua." Nikamwambia hata mwandishi hajasema. Akasema basi huo ni wizi, nimrudishie siku zake nne.

Na si yeye tu, karibu kila mtu mwenye nimewahi kumpea hivi vitabu hurudi na hilohilo, pepo ama wazimu, chagua moja. Mimi nimeanza kuona swali lenyewe ndilo limefungwa vibaya, na ukilifungua ndani kunatoka mambo ya mwili wa mama, nyumba za kupanga, sheria ya Kenya na mama mkwe wangu, kwa hivyo vumilia kidogo.

Tuanze na nyumba yenyewe. Kwa Kiingereza hadithi za aina hii huhesabiwa kutoka 1764, wakati Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto, na huko mwanzoni nyumba ilikuwa ngome na ugomvi ulikuwa wa urithi, nani mwenye mali wa kweli, babu ya nani alimdhulumu nani. Kesi za shamba, kwa ufupi, ila zina mizimu. Mama hakuwa na kazi kubwa humo. Baadaye ngome ikapungua, ikawa nyumba ya kawaida yenye jikoni na chumba cha mtoto, na ukishaingia jikoni saa nane za usiku utamkuta nani? Si babu.

Mtu wa kukumbuka hapo ni Charlotte Perkins Gilman, Mmarekani. Alizaa binti mwaka wa 1885 na baada ya hapo akaanguka kwa giza fulani ambalo siku hizo halikuwa na jina la maana, walisema tu ni neva. Mwaka wa 1887 akapelekwa kwa daktari mkubwa wa neva, Silas Weir Mitchell, na dawa ya huyo mzee ilikuwa moja: lala, kula, nona, tulia. Alipomruhusu kurudi nyumbani alimwambia akae na mtoto saa zote, atumie akili yake masaa mawili tu kwa siku, na asiguse kalamu tena maisha yake yote. Akajaribu kufuata hayo masharti miezi mitatu hivi, karibu apotelee kabisa, halafu akayatupa akashika kalamu. 1892 ikatoka hadithi yake fupi, The Yellow Wallpaper, na ukitaka kuelewa riwaya zote za mama na nyumba zilizokuja nyuma yake soma hiyo kwanza, ni fupi, utaimaliza kabla mchele haujaiva.

Iko hivi. Mama amejifungua juzi. Bwana yake ni daktari. Amekodi nyumba kubwa ya mashambani kwa msimu wa joto, imekaa bila watu muda mrefu, na mama anajiuliza mbona bei iko chini hivyo. Anawekwa chumba cha juu ambacho zamani kilikuwa cha watoto, madirisha yako na vyuma, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni, na ukutani kuna karatasi ya manjano yenye michoro mibaya. Mtoto analelewa na mtu mwingine. Siku zinaenda, anaanza kuona mwanamke nyuma ya ile michoro, anatambaa, anaitingisha kama mtu anataka kufunguliwa. Bwana akiambiwa anamcheka kidogo, anamkumbatia, anamwambia hakuna kitu, lala mpenzi. Na kwa vile yeye ni bwana na pia ni daktari, akisema hakuna kitu basi hakuna kitu mara mbili.

Sasa rudi kwa lile swali. Hapo kuna pepo? Ukisema hapana, umeshaketi kwa kiti cha bwana. Ukisema ndiyo, umechukua ugonjwa wa kweli ukaupatia pembe na mkia, na mama hatasaidika. Hadithi imekufinya katikati makusudi, na hapo katikati ndipo yule mama anaishi kila siku. Rafiki yangu aliona ameibiwa siku nne. Mimi naona alipewa siku nne za kuwa mama mchanga, bila mtoto.

Juu hii kitu haikutoka hewani. Zile homoni zilizopanda miezi tisa, estrojeni na projesteroni, hushuka kwa siku chache tu baada ya kujifungua, ni kama mtu amezima swichi ya ploti nzima. Ndio maana mama wengi, wengi sana, wanalia bila sababu karibu siku ya tatu mpaka ya tano na inapita yenyewe kabla ya wiki mbili kuisha. Isipopita, hiyo ni depresheni, na Shirika la Afya Duniani linasema matatizo ya akili baada ya kujifungua, hasa hiyo depresheni, hupata kama mama 13 kwa kila 100 duniani, na kwa nchi kama zetu karibu 20 kwa 100. Halafu kuna ile kali kabisa, saikosisi ya baada ya kujifungua, mama mmoja ama wawili kwa kila 1,000, nayo huja haraka, mara nyingi wiki mbili za kwanza, anasikia sauti, anaona vitu, anaweza kuamini mtoto amebadilishwa ama mtoto ni shetani. Hiyo si ya kungoja Jumapili aombewe, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Na kuna ndogo ambazo hakuna mtu hukuambia. Kusikia mtoto analia ukiwa bafuni, unatoka na povu kichwani, unakuta amelala fofofo. Kuamka kumwekea mkono chini ya pua uone kama anapumua, mara tano, mara kumi. Picha zinazoingia kichwani zenyewe, mtoto anaanguka kwa ngazi, mtoto ndani ya beseni, na mbaya zaidi ni zile ambazo mkono kwenye hiyo picha ni wako. Mama wengi hupata hizo picha na hawana nia yoyote ya kufanya hivyo, zinawatisha wenyewe, lakini ni nani ataenda kusema hivyo kliniki mbele ya nesi na benchi lote la wamama wanasikiza?

Sasa chukua hayo yote, kilio hakipo, mlango uangaliwe mara kumi, mkono wako si wako, halafu mpe mwandishi. Hana haja ya kubuni pepo. Ameshapewa na vyumba vimeshapangwa. Kwa nyumba ya mapepo ya kawaida kuna mgeni asiyeonekana mwenye analia usiku, anataka kitu na hasemi ni nini, hakuachi ulale, anakunyonya nguvu, na ukiambia watu wanakwambia ni baraka. Hapo nimeeleza pepo ama mtoto wa wiki tatu? Ndio maana hii ndoa ya mama na nyumba ya mapepo haivunjiki.

Kuna jambo moja la sheria ambalo watu wengi hawajui na mimi mwenyewe lilinishtua. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 210, inasema mama akisababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi kumi na miwili, na wakati huo akili yake ilikuwa imevurugika kwa sababu hajapona kutokana na kuzaa ama kwa sababu ya kunyonyesha, hilo kosa halihesabiwi kama mauaji ya kukusudia, lina jina lake na adhabu yake ni kama ya kuua bila kukusudia. Tumerithi hayo maneno kutoka sheria ya Uingereza. Yaani sheria, ile kitu kavu ya mawakili, imekubali zamani kwamba kuna chumba ndani ya umama ambacho mtu anaweza kuingia na asiwe yeye. Lakini imelikubali mahakamani, baada ya mtoto kuzikwa. Kabla ya hapo, wiki ya pili, wiki ya tatu, mama akisema "sijisikii mimi" anaambiwa ni uchovu.

Basi huko kwa vitabu vya wazungu fundo liko hivyo: mama anasema kuna kitu, dunia inasema hakuna kitu. Uoga wote uko kwa kutoaminiwa.

Na hapo ndipo hizo riwaya zinaanza kuteleza zikifika kwetu. Mimi ni Mluhya nimeolewa kwa Wajaluo, Seme, kando ya ziwa, nimeishi Kisumu kabla ya kuja Nakuru, na sijawahi, hata siku moja, kukutana na mtu wa hizo pande mwenye ukimwambia "hii nyumba iko na kitu" atakujibu "hakuna kitu." Watakuuliza kitu gani. Watakuuliza kilianza lini. Kando ya ziwa jioni moja utasikia mtaa mzima unapiga sufuria na mabati juu nyawawa wanapita, zile roho zinazotoka ziwani, na utaona mtu na digrii yake anapiga mwiko kwa mfuniko kama wengine, kesho anakwambia alikuwa anacheza tu. Mtoto akilia usiku mfululizo, wazee, kwa Wajaluo na hata kwetu, wanaweza kuanza kutaja majina ya waliokufa moja moja, na jina ambalo mtoto atanyamazia ndilo lake, huyo ndiye amekuja kuomba kitanda. Mwandishi wa London akipata hiyo ataandika kurasa 300 za kutisha, mzimu wa bibi umeingia kwa mtoto! Kwetu hiyo ni adabu. Marehemu amepiga hodi, amepewa jina, ameketi, mtoto amelala, watu wanywe chai.

Kwa hivyo ukimchukua yule dada wa riwaya ukamleta Migosi ama Manyatta, mitaa ya Kisumu, shida yake haitakuwa kuaminiwa. Ataaminiwa mpaka achoke. Swali litakalofuata ndilo litamuua: na hiki kitu, ni nani amekileta? Mtoto anakonda, ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, nani amevunja mwiko, ulipika kwa nani, ulilala wapi. Mtoto tumbo linamsumbua tangu mgeni fulani ambebe, ni sihoho, jicho baya, nani alimruhusu mgeni amwangalie. Utosi umeingia ndani, mama amefanya nini, na kumbe utosi ukiingia mara nyingi ni maji yamepungua mwilini baada ya kuharisha na mtoto anahitaji kunyweshwa na kupelekwa kwa daktari mbio. Kila njia ya maelezo imepita ikaishia mlangoni kwa mama. Huko kwao mama anaambiwa amebuni pepo. Huku anaambiwa amekuja naye kwa sanduku.

Ndio maana nasema lile swali la pepo ama wazimu limekopwa. Kwa mama wa huku, majibu yote mawili yanaweza kuwa ndiyo na bado yuko taabani.

Halafu kuna swali lingine ambalo wasomaji wote huuliza wakifika kati ya kitabu: si wahame? Kweli si wahame! Nyumba inatoa damu kwa mfereji na nyinyi mnapaka rangi. Kwa riwaya za kule jibu huwa ni pesa, wamekopa benki wakanunua, hawawezi kutoka. Jibu la ndani zaidi ni kwamba mama hawezi kuhama umama, popote ataenda mtoto yuko mgongoni. Lakini sisi tuna jibu la tatu. Kijaluo nyumba ni ot, boma ni dala, na hizo si kitu kimoja. Mwaka wa 1987 nchi yote ilifuata kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, mjane wake Wambui akitaka azikwe Ngong, ukoo wa Umira Kager ukitaka arudishwe Nyalgunga, Siaya, na moja ya hoja kubwa ilikuwa hiyo, kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba Nairobi hata tatu lakini boma ni moja, na marehemu asipozikwa anakostahili walio hai watasumbuliwa. Ukoo ukashinda, akazikwa Mei mwaka huo. Sasa ukiwa umekua na hiyo sheria kichwani, hadithi ya kizungu ambayo pepo amekwama kwa jengo, ngazi hii, chumba kile, inakuchekesha. Kwetu pepo hana haja na jengo. Anafuata damu. Hama kutoka Kisumu uende Nakuru, hama uende Qatar, ametangulia ameshika foleni.

Mwaka huohuo wa 1987, na hii ni bahati tu lakini naipenda, Marekani ilitoka riwaya ambayo kwangu ndiyo mama wa zote kwa jambo hili, Beloved ya Toni Morrison. Ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ameianzisha kwa tukio la kweli. Januari 1856 mama mtumwa kwa jina Margaret Garner alitoroka Kentucky na familia yake, wakavuka mto Ohio ukiwa umeganda barafu, wakafika Cincinnati, na wawindaji walipowazingira akamuua binti yake wa miaka miwili kuliko aone amerudishwa utumwani. Kesi yake ilikuwa ya ajabu, watu wakabishana kama ashtakiwe kwa mauaji, maanake basi ni binadamu na huyo alikuwa mtoto wake, ama arudishwe tu kama mali iliyopotea. Akarudishwa kama mali.

Morrison amemchukua huyo mama akamwita Sethe, akamweka kwa nyumba namba 124 nje kidogo ya Cincinnati, miaka 18 baadaye, na yule mtoto aliyekufa yuko ndani ya nyumba anavunja vioo, anaweka alama za mikono midogo kwa keki. Wavulana wawili wakubwa wametoroka. Amebaki mama na binti mdogo, Denver. Angalia hiyo namba, moja, mbili, nne. Watoto wa Sethe ni wanne na aliyekufa ni wa tatu. Mtoto ameng'olewa kwa namba ya mlango, na mimi nilisoma hiyo kitabu mara mbili kabla sijaiona, nikafunga nikaenda nje kusimama kidogo.

Lakini kitu chenye kilinishika zaidi ni kwamba humo ndani hakuna hata mtu mmoja anauliza kama kuna pepo. Sethe anajua, Denver anajua, mama mkwe, Baby Suggs, alijua, na Sethe alipotaka wahame huyo mama mkwe alimwambia hawatafika mbali, juu nchi hiyo haina nyumba ambayo haijajaa majonzi ya mtu mweusi aliyekufa. Soma hiyo ukiwa Seme! Ni dala kabisa. Paul D, mwanaume mwenye amekuja kumpenda Sethe, anapiga kelele na kurusha meza mpaka pepo anatoka, wanaume na kelele, halafu siku chache tu mtoto anarudi kupitia mlango wa mbele akiwa msichana mkubwa, ametoka majini, ana kiu, ana njaa, anataka mama yake wote, asibaki hata kipande. Na Sethe anampa. Anakonda yeye, msichana ananenepa. Hapo Morrison ameandika kunyonyesha kama sijawahi kuona mtu ameandika, upendo unaoenda upande mmoja mpaka aliye na maziwa akauke.

Na nani anamtoa? Si kasisi, si daktari, si bwana. Ni wanawake 30 hivi wa hapo mtaani, walewale waliomtenga Sethe miaka yote, na walewale ambao siku ile wawindaji wanakuja hawakutuma hata mtoto kumwonya kwa sababu ya wivu mdogo tu wa karamu. Wanakuja wanasimama nje ya uwanja wanaanza kuomba na kuimba. Ni watu wenye makosa kwa hiyo kesi ndio wanakuja kuifunga.

Hapo ndipo nilimkumbuka mama mkwe wangu, na itabidi niseme ya kwangu sasa.

Atieno alipozaliwa, usiku kama jina lake, tulikuwa tunaishi Migosi, vyumba viwili kwa ploti. Kwanza fikiria kuandika riwaya ya mapepo kwa nyumba kama hiyo. Hakuna ngazi za kulia, hakuna dari la siri, pepo atajificha wapi, nyuma ya mtungi wa gesi? Jumba la aina ile ya vitabu tunalo moja tu la maana huku, la Lord Egerton pale Ngata, lilijengwa kutoka 1938 mpaka 1954, vyumba 52, na mzee mwenyewe anasimuliwa kwamba alikataliwa na mwanamke na baada ya hapo hakutaka mwanamke yeyote akanyage kwake. Vyumba 52 na hakuna hata kimoja cha kulaza mtoto. Siku hizi watu wanaenda kufanyia harusi huko. Nimelitembea lote sijasikia baridi ya mgongo hata kidogo, huo ni upweke tu umejengewa mawe. Ploti ndiyo inatisha, juu ukuta ni wa tofali moja na kila mtu anasikia mtoto wako analia saa tisa usiku, na asubuhi wote wanakuuliza mmelalaje.

Karibu wiki ya tatu nikaanza kusikia hodi. Si mlangoni, ukutani, upande wa kichwa cha kitanda. Tatu, halafu kimya. Bwana yangu akasema ni panya. Panya huwa hawahesabu mpaka tatu, lakini sawa. Kliniki nikajaribu kusema silali, sista akaangalia kadi akasema mtoto ameongeza uzito vizuri, hongera, rudi tarehe fulani. Halafu mama mkwe akaja kutoka Seme na kuku wawili, akakaa usiku mmoja, asubuhi akasema hii nyumba iko na kitu. Nilitaka kulia kwa kushukuru, nimeaminiwa! Halafu hapohapo akauliza, "Na nyanya yako aliyekufa, mlimwacha hivyo tu bila jina? Juu kwetu hakuna mtu anadai." Maanake kimekuja na mimi.

Nilimchukia wiki nzima. Lakini nikueleze kitu kingine alichofanya siku hiyo. Baada ya kunilaumu alimfunga Atieno kwa leso mgongoni mwake, akafunga mlango wa chumba kwa nje, akaniambia nisitoke. Nililala kutoka saa nne asubuhi mpaka saa tisa mchana. Hodi hazikuja. Usiku akakaa naye tena, akiniletea tu anyonye. Alikaa mwezi mmoja. Maelezo yake yalikuwa mabaya na mikono yake ilikuwa mizuri, na yule sista alikuwa na maelezo mazuri na hakuwa na mikono. Na mwaka uleule wa 1987 wa kesi ya Otieno na Beloved, ndipo wataalamu watatu walitoa ule mtihani wa Edinburgh wa kupima depresheni ya mama aliyejifungua, maswali kumi tu ya kumuuliza, unaweza kuyajibu kabla foleni haijasonga. Mimi sikuulizwa hata moja.

Niko na hamu mtu wa huku aandike hiyo riwaya. Iwe ploti, iwe joto la Kisumu, mama mkwe asiwe mchawi wala malaika, pepo akubaliwe ukurasa wa kwanza tusipotezeane muda, na uoga wote uwe kwa ile sekunde moja baada ya kuaminiwa.

Ya hodi haikuishia hapo. Mwaka juzi nilikutana Kibuye sokoni na yule dada mwenye alikuwa jirani yetu, chumba cha ukuta huo, yeye alikuwa na mvulana mkubwa kuliko Atieno kwa miezi miwili tu. Tukashikana, tukauliziana watoto, akanunua omena, nikanunua nyanya. Halafu akanivuta kando akauliza kwa sauti ya chini, "Mama Atieno, ile nyumba, usiku, ulikuwa unasikia kitu?"

Nikamwambia nilikuwa nasikia hodi ukutani.

Akacheka, akasema ni yeye, alikuwa ananijibu.

Nikamwambia ananijibu aje na mimi sikuwahi kugonga. Akasema wacha uongo, wewe ndiye ulikuwa unaanza, tatu tatu, kila siku, na hiyo ndiyo ilikuwa inamfanya asijimalize. Tulibishana hapo mpaka mwenye omena akatuambia tusogee, tunamzibia wateja.